Kazi Moja, Mshahara Tofauti: Mambo ya Kujua Kabla Mtu Wako Hajaenda Ghuba

Je, una dada, binamu au rafiki anayejiandaa kwenda Saudia, Qatar au Dubai kutafuta riziki? Basi someni haya pamoja.

Benki Kuu ya Kenya inasema Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.95 mwaka wa 2024. Sisi tunaona upande mmoja wa pesa hizo: SMS inaingia, karo inalipwa, mabati yananunuliwa. Lakini SMS hiyo haisemi kama aliyetuma alilipwa haki yake yote. Leo tuongee kuhusu hilo.

Ukiangalia vizuri, mfanyakazi mgeni hupoteza pesa kwa njia mbili. Kuna pengo linalowekwa kabla hajasaini, na kuna pengo linaloingia akishaanza kazi. Dawa zake ni tofauti, kwa hivyo tuyachukue moja moja.

Pengo la kwanza: pasipoti ikipanga mshahara

Wafanyakazi wawili wa nyumbani wanaweza kuishi mtaa mmoja Riyadh, wapike, wafue na kulea watoto kwa saa zilezile, na bado mishahara yao isikaribiane. Mwishoni mwa 2006 serikali ya Ufilipino iliamua raia wake wasifanye kazi za nyumbani ng'ambo kwa chini ya dola 400 kwa mwezi, yaani riyali 1,500 za Saudia. Wakenya wengi husaini riyali 900 hadi 1,000.

Piga hesabu. Tofauti ya riyali 600 kwa mwezi, kwa mkataba wa miaka miwili, ni riyali 14,400. Ukibadilisha kwa takriban Sh34 kwa riyali, hiyo ni karibu Sh490,000. Hiyo ni ploti kwa watu wengi.

Je, hiyo ni halali? Saudia haijaweka kima cha chini cha mshahara kwa wageni. Riyali 4,000 unazosikia zikitajwa ni za raia: kampuni lazima imlipe Msaudi kiasi hicho ndipo ahesabiwe kikamilifu katika idadi ya wenyeji walioajiriwa. Tena sheria kuu ya kazi ya Saudia haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Wao wana kanuni zao.

Kimataifa kuna Mkataba nambari 97 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949. Unasema mgeni anayefanya kazi nchini kihalali asitendewe vibaya kuliko raia katika mambo kama mshahara na saa za kazi. Kenya iliuridhia mwaka wa 1965. Nchi za Ghuba bado.

Na sisi hapa nyumbani? Sheria yetu ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza mwajiri kubagua mtu kwa sababu ya uraia wake, na inataka kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa. Kwa hivyo Mganda au Mtanzania anayefanya kazi Nairobi kihalali ana haki ileile tunayomtakia mtu wetu kule Riyadh. Kama umeajiri mgeni, hiyo inakuhusu pia.

Kwa pengo hili, nguvu iko kabla ya kupanda ndege. Ukishasaini riyali 900, ni vigumu sana kudai 1,500.

Qatar wamefanya nini?

Tangu Machi 2021, Qatar ina kima cha chini cha mshahara ambacho hakiangalii uraia. Kinahusu kampuni na pia kazi za nyumbani:

- Mshahara wa msingi: riyali 1,000 kwa mwezi.
- Chakula: riyali 300, kama mwajiri hakupi chakula.
- Malazi: riyali 500, kama mwajiri hakupi mahali pa kulala.

Tuseme wewe ni mlinzi Doha, unajilipia chumba na kujinunulia chakula. Hupaswi kupata chini ya riyali 1,800. Mwajiri akikuambia "1,500, kila kitu ndani", anakupunja riyali 300 kila mwezi. Kwa miaka miwili hiyo ni riyali 7,200, karibu Sh250,000.

Usisahau ovataimu. Kwa wafanyakazi wa kampuni, sheria ya kazi ya Qatar inaweka saa 48 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa kwa kuongeza angalau asilimia 25 ya malipo ya msingi ya saa hiyo. Ukipiga shifti ya saa 12 siku sita, hizo ni saa 72. Uliza zile 24 za ziada zinalipwaje.

Pengo la pili: pesa zako zikikwama njiani

Hapa mkataba uko sawa, lakini unacholipwa si kilichoandikwa. Mshahara unachelewa miezi mitatu, au unakatwa "pesa ya viza", au unafika Ghuba unapewa mkataba mwingine wa Kiarabu usaini. Hii si tena bei uliyokubali. Ni deni, na deni linadaiwa kwa ushahidi.

Ndiyo maana nchi hizi zimeanzisha mifumo ya kufuatilia mishahara inayopita benki: Milki za Kiarabu mwaka wa 2009, Saudia 2013 na Qatar 2015. Kampuni Qatar inatakiwa kuweka mshahara benki ndani ya siku saba tangu tarehe ya kulipa. Wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mifumo hii kwa muda mrefu, na wengi bado wanalipwa kwa mkono. Saudia ilianza Julai 2024 kutaka mishahara yao kwa mikataba mipya ilipwe kidijitali kupitia jukwaa la Musaned. Kama mtu wako anaenda huko, aulize hilo mapema.

Mambo sita ya kufanya na simu yako

1. Hakikisha ajenti. Ajenti wa kazi za ng'ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Ada yoyote unayotakiwa kulipa, lipa kwa Paybill au Till yenye jina la kampuni hiyo. Ukiambiwa "tuma kwa namba hii ya bosi", simama hapo kwanza.

2. Piga picha ya mkataba, kila ukurasa. Sheria yetu inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na afisa wa leba kabla hujaondoka. Tuma picha hizo kwa mtu wa nyumbani na kwa barua pepe yako. Simu ikichukuliwa, mkataba bado upo.

3. Lipwa kwa jina lako. Akaunti iwe yako, kadi ikae kwako, namba ya siri ijulikane na wewe peke yako. Mwajiri anayeshika kadi yako ndiye anayeshika mshahara wako.

4. Ukilipwa kwa mkono, andika siku hiyohiyo. Tuma ujumbe nyumbani: "Leo tarehe 3 nimepewa riyali 700, mshahara wa Mei, bado 300." Ujumbe wenye tarehe ni bora kuliko kukumbuka baadaye. Na usisaini karatasi tupu, au inayosema umelipwa kama hujalipwa.

5. Usichanganye pesa ulizotuma na pesa ulizolipwa. Taarifa yetu inaonyesha kilichofika Kenya tu. Hata ukituma 500 kila mwezi, hiyo haithibitishi kwamba ulilipwa 500 au 1,000. Weka rekodi zote mbili. Na ukituma kwa jina la rafiki, rekodi ni yake, si yako.

6. Laini yako ya Kenya isilale. Laini isiyotumika muda mrefu inaweza kufungwa, na pamoja nayo ukapoteza njia ya kufikia akaunti yako. Iwashe mara kwa mara, na usimwachie mtu namba ya siri eti akusaidie.

Ukiona umepunjwa

Usingoje mkataba uishe. Anza na ofisi ya kazi ya nchi uliyopo. Qatar, kwa mfano, Wizara ya Kazi hupokea malalamiko ya mishahara. Kenya ina ubalozi Riyadh, Doha na Abu Dhabi. Nyumbani, familia inaweza kwenda NEA au ofisi ya leba, ikiwa na mkataba na rekodi mkononi. Ajenti aliyempeleka pia aulizwe.

Na ninyi mnaopokea pesa: zikipungua ghafla, msianze na lawama. Muulizeni kwanza, "Umelipwa ngapi mwezi huu, na mkataba unasema ngapi?" Hifadhini jibu lake pamoja na tarehe. Siku ya kudai, hiyo meseji itahitajika.