Hela ya Tabora ya 1916: Mbona moja nyekundu na nyingine ya njano?

Ukiokota sarafu kuukuu shambani Isikizya au kwingine Uyui, yenye taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916, usikimbilie kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Wala usimwamini dalali anayekwambia ni "kosa la kiwanda" lenye mamilioni.

Kosa la kiwanda ni lipi?

Sarafu hugongwa kwa kubana kisahani cha madini kati ya mihuri miwili. Kikiingia kisahani cha madini yasiyotakiwa, sura inatoka sawa lakini mwili si wake.

Mfano maarufu ni senti ya Marekani ya 1943. Shaba ilihitajika vitani, senti zikagongwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vikapita mashineni bila kuonekana. Mwaka 2010 moja ya senti hizo iliuzwa dola milioni 1.7.

Tabora mambo yalikuwa tofauti

Kabla ya vita, sarafu za Mjerumani zilitoka Ujerumani kwa meli. Rupia moja ilikuwa heller 100, na ndiko tulikopata neno "hela". Vita vilipoanza 1914, manowari za Waingereza zikafunga pwani. Sarafu mpya hazikuingia tena, na watu wakaficha walizonazo kwa kuwa noti za karatasi hazikuaminika.

Mwaka 1916 karakana ya reli Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Zikagongwa heller 5 na heller 20, zenye herufi T ya Tabora chini ya mwaka.

Madini? Yaliyopatikana tu! Maganda ya mizinga yalitoa shaba ya njano. Kwa hiyo heller 20 ziko za njano na ziko za shaba nyekundu, na za njano ndizo nyingi zaidi. Hilo si kosa, ni dhiki ya vita. Ndiyo maana nyingine zina kingo mbovu au chapa hafifu.

Ilitoka pia rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo mbele ya mlima. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, na mihuri ilichongwa na sonara kutoka Sri Lanka ya leo. Ziligongwa zaidi ya 16,000 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Utaitambuaje?

1. Tumia sumaku. Shaba zote mbili na dhahabu hazinasi. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi.

2. Pima uzito. Rupia 15 ina gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu safi. Mzani wa sonara unatosha kuanzia.

3. Usiisugue kwa majivu, mchanga wala ndimu. Wakusanyaji hutaka sarafu na kutu yake ya asili, na iliyong'arishwa hushuka bei.

4. Usitoe pesa ya "usafi", "kibali" wala "mganga". Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi.

Je, ina thamani?

Tembo wa dhahabu anatafutwa sana na wakusanyaji duniani, bei yake inapita mbali thamani ya dhahabu yenyewe. Heller 20, iwe nyekundu au ya njano, haikutajirishi. Iligongwa kwa wingi, na rangi pekee haiifanyi kuwa adimu. Lakini kuiuza kwa kilo kama chuma chakavu ni hasara: ukiyeyushwa, ushahidi wa hela iliyotengenezwa Tabora umekwenda.