Mgao wa Kumbukumbu: Kuijaribu Kerneli kwa Skripti za Sheli

Anayekaa Nizwa hahitaji kuelezwa maana ya mgao. Maji ya falaj hayapimwi kwa ndoo, yanapimwa kwa muda. Badda moja ni muda wa saa 12, na ndani yake mna athar 24, kwa hiyo athar moja ni kiasi cha nusu saa. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Arif, msimamizi wa zamu, ndiye aliyejua maji ya saa hii ni ya nani, na sehemu zipi ziende mnadani ili falaj ipate pesa za matengenezo.

Kompyuta nayo ina arif wake. Yumo ndani ya kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi ambacho kila programu hukiomba nafasi ya kumbukumbu kabla haijafanya kazi yoyote. Sisi tulioandika makala haya, mmoja wa Ibra na mwengine wa Sur, tunamwita mgawaji. Darasani tunasoma mambo haya kwa Kiingereza na nyumbani tunazungumza Kiswahili, basi maneno mengine tumeyatafuta wenyewe, walimu watusahihishe. Neno "mgao" tumelichagua tukijua kwamba jamaa zetu wa Dar es Salaam wakilisikia wanafikiria kukatika umeme. Si mbaya, maana hapa pia suala ni uhaba.

Linux hukata kumbukumbu kuwa kurasa. Kwenye kompyuta nyingi za kawaida ukurasa mmoja ni baiti 4096. Kurasa hizo hupangwa kwa mafungu: la ukurasa 1, la 2, la 4, la 8, hivyo hivyo mpaka la 1024, ambalo ni MB 4. Fungu dogo likikosekana, kubwa hukatwa nusu kwa nusu. Nusu mbili pacha zikirudi zote mbili, huunganishwa tena. Wazo ni la zamani. Kenneth Knowlton alilichapisha mwaka 1965.

Sasa tatizo. Tuseme mashine ina kurasa 10,000 huru, karibu MB 40. Inakuja programu kuomba fungu moja la MB 4 lililoshikana, nayo inakataliwa! Inawezekana vipi? Ni kwa sababu hakuna mahali hata pamoja penye kurasa 1024 zinazofuatana. Ni kama mtu mwenye athar nyingi zilizotawanyika, moja leo, moja keshokutwa. Kwa hesabu ana maji, lakini kama shamba lake liko mwisho wa mfereji, kila mara maji yanakunywewa na udongo mkavu kabla hayajafika kwenye mitende.

Kwa hiyo amri ya free, inayoonyesha jumla tu, haitoshi. Cha kutizama ni /proc/buddyinfo, na skripti ya kwanza ya mwanafunzi yeyote inaweza kuwa hii:

#!/bin/sh
while true; do
  date
  cat /proc/buddyinfo
  sleep 5
done >> kumbukumbu.txt

Iache ikiendelea, halafu fungua kivinjari, jenga programu kubwa, nakili mafaili. Kwa kawaida kila mstari una namba kumi na moja: kushoto ni idadi ya mafungu ya ukurasa mmoja, kulia kabisa ni ya kurasa 1024. Namba za kulia zikishuka kuelekea sifuri huku za kushoto zikipanda, kumbukumbu inakatika vipande. Ukiwa na ruhusa za msimamizi, andika echo 1 > /proc/sys/vm/compact_memory uone kerneli ikijaribu kuzikusanya kurasa.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Kila sheli inapoita cat au sleep huzaliwa mchakato mpya, na mchakato huo unaomba kumbukumbu kwa mgawaji yule yule tunayempima. Mpimaji anakunywa maji ya falaj anayoipima. Na mashine ikianguka, skripti inaanguka nayo. Ni kukata tawi ulilokalia. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa dhati hutumia mashine pepe, na ripoti huzitoa nje kwa njia ya siriali ili neno la mwisho la kerneli lisipotee. Tafadhalini, msijaribu chochote cha aya zinazofuata kwenye kompyuta yenye tasnifu yenu.

Njia moja ya kukwepa vipande ni vmalloc. Mgawaji huyu hukusanya kurasa zilizotawanyika na kuzipa anwani zinazofuatana, hata zionekane kama kitu kimoja. Lakini anwani nazo zinahitaji kugawiwa, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu. Ili kupata nafasi mpya, kerneli ilikuwa ikipita kwenye orodha ya sehemu zilizokwisha chukuliwa, moja baada ya moja, mpaka ikute pengo. Orodha ikirefuka, safari inarefuka. Kwenye vifaa vidogo ombi moja liliweza kuchukua milisekunde kadhaa, ambazo kwa kerneli ni muda mrefu mno.

Mwaka 2019 Uladzislau Rezki, aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa ajili ya Sony, aliingiza kwenye Linux moduli ya majaribio pamoja na skripti ya sheli, test_vmalloc.sh. Skripti hupewa neno moja: smoke kwa jaribio jepesi, performance kwa kupima kasi, stress kwa kuitesa mashine. Jaribio lake tunalolipenda zaidi huanza kwa kuchukua sehemu 15,000 za ukurasa mmoja mmoja, ili orodha ijae, ndipo linaanza kuomba na kurudisha sehemu nyengine tena na tena. Udhaifu unaonekana wazi kwa namba. Mwaka huo huo, katika toleo la 5.2, yeye mwenyewe alibadilisha utaratibu: kerneli ikaanza kuweka rekodi ya nafasi zilizo huru. Kwa lugha ya Nizwa, arif aliacha kumwuliza kila mwenye zamu, akatazama daftari la athar zisizo na mtu.

Wanaolitumia mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili. Moduli ikimaliza kazi hurudisha kosa kwa makusudi, ili isibaki ndani ya kerneli; matokeo yanasomwa kwa dmesg. La pili, kuna jaribio ambalo mwandishi ameliandikia kwamba linatakiwa lishindwe. Linaomba mpangilio wa anwani unaokua maradufu kila hatua mpaka ufikie kiasi kisichowezekana. Mgawaji akisema "ndiyo" hapo, anadanganya, na uongo wa mgawaji ni hatari kuliko kukataa kwake, kwa sababu programu mbili zinaweza kujikuta zinaandika mahali pamoja.

Kukataa kwenyewe pia kunajaribiwa. Kerneli iliyojengwa na chaguo la hitilafu za makusudi inakuja na skripti nyengine, failcmd.sh. Hiyo huendesha amri yako huku mgawaji akiamrishwa kukataa baadhi ya maombi hata kama nafasi ipo tele. Ni kama kuuziba mfereji kusudi mwezi wa mvua, ili ujulikane mkulima gani ana kisima. Dereva nyingi zimeandikwa na watu ambao mashine zao hazikuwahi kuishiwa kumbukumbu, na sehemu ya programu inayosema "nikinyimwa nifanye nini" huenda haijaendeshwa hata mara moja. Kwa anayetafuta mradi wa mwaka wa tatu, hapo pana kazi: chukua dereva moja, iendeshe chini ya failcmd.sh usiku kucha, na asubuhi soma dmesg kuanzia mstari wa kwanza.