Chupa ikiua Bweyeye, nani alipe?

Mwaka 1888, miaka sita kabla Mjerumani von Götzen hajavuka Rwanda, dola la Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo lilitoa amri juu ya mikataba na wajibu. Kifungu cha 258 ni sentensi moja tu: aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake, na alipe. Chimbuko lake ni sheria ya Ufaransa ya 1804. Wabelgiji wakakileta Ruanda-Urundi, wanyonge wakakizoea.

Kifungu hicho ndicho kilichoninyima raha. Bweyeye, tarafa ya Rusizi iliyobanwa kati ya msitu wa Nyungwe na Burundi, inapakana na nchi ambako 258 kiliendelea kutumika. Bukavu, upande wa Kongo, nako vivyo hivyo. Upande wa Rwanda, sheria Na. 020/2019 ya Agosti 2019 ilifuta maandiko yote ya sheria yaliyotangulia uhuru. Leopold hana wa kumlilia. Lakini sentensi ile, iliyofutwa pamoja na amri yake?

Desemba 2021, watu wasiopungua 11 walikufa Bugesera na Gasabo baada ya kunywa kileo kiitwacho Umuneza. Wapelelezi wa RIB, idara ya upelelezi ya Rwanda, walitaja methanoli, ambayo mwili huigeuza asidi inayopofusha na kuua.

Tuseme chupa ya namna hiyo imefika Bweyeye. Wakili atamuuliza mjane: chupa iko wapi? Kizibo kilikuwa kizima? Nani mwingine alikunywa? Daktari aliandika nini? Kisha lile gumu: kosa lilitendeka wapi, na nani alilitenda? Mjane hajawahi kukanyaga kiwandani. Hata 258 kilimtwika mzigo huo. Ulaya iliwatua walalamikaji wake mzigo huo mwaka 1985: mlalamikaji aonyeshe kasoro, madhara, na kwamba kasoro ndiyo iliyozaa madhara; uzembe si lazima authibitishe.

Wakili wa Rusizi ana milango mingine: sheria Na. 36/2012 ya ushindani na ulinzi wa mtumiaji, au kudai fidia ndani ya kesi ya jinai. Tena jaji haruhusiwi kukataa kesi eti sheria imenyamaza. Ila haki inayotegemea jaji atajaza vipi ukimya huo, mjane ataipangia vipi nauli ya kuifuata?

Na muuza duka aliyenunua kreti kwa nia njema, naye alipe? Mwenye kiwanda akifungwa na kiwanda kikafilisika, ada ya watoto itatoka mfuko gani?