Je, Sarafu Hii Ina Hila?

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Naam, lakini mpenzi msomaji, si kila wingu huleta mvua! Tuseme katika mechi 10 refa amerusha sarafu ile ile, nayo ikaonyesha kichwa mara 7. Kapteni wetu, ambaye huchagua upande wa pili kila siku, anapiga kelele: "Sarafu ya wizi hii! Refa amehongwa!" Je, ana haki? Hebu tuulize hesabu.

Kwanza, tunachukulia kuwa sarafu haina kosa, yaani uwiano wa kichwa ni nusu. Hii ndiyo nadharia tete, dai linalongoja kupimwa. Ni kama kortini: mshtakiwa hana hatia mpaka ushahidi umbane. Pili, tunauliza: sarafu safi yaweza kuleta kichwa mara 7 au zaidi? Ndiyo, takriban safari 17 katika kila 100. Hilo ni jambo la kawaida tu. Na mara 9 au zaidi je? Kama safari 1 katika 100. Hapo hata mimi ningeshuku! Wengi huweka mpaka kwenye 5 katika 100, na mpaka huo huwekwa kabla ya kurusha, si baada ya kuona matokeo.

John Kerrich, mwanahisabati wa Afrika Kusini, aliwekwa kizuizini Denmark wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Huko alirusha sarafu mara 10,000 akapata kichwa mara 5,067. Je, hizo 67 za ziada zatosha kuishtaki? Zidisha 10,000 kwa nusu, kisha kwa nusu tena: 2,500. Kipeuo chake cha pili ni 50, na hicho ndicho kipimo cha kuyumba kwa kawaida. Tunashuku tofauti ikipita takriban vipimo viwili, yaani 100. Kwa hivyo 67 haitoshi. Sarafu yaachiliwa, ingawa hatujathibitisha kuwa ni safi kabisa; ushahidi tu ndio uliopungua.

Sasa tega sikio. Kichwa mara 52 katika 100 si kitu, kwani kipimo hapo ni 5. Lakini mara 5,200 katika 10,000 ni vipimo 4 vizima! Uwiano ni ule ule, hukumu ni tofauti. Basi ndugu yangu, kabla hujamwita mwenzako mwizi, jiulize: umehesabu mara ngapi?