Parapenti kwetu Uvira: upepo unafanya kazi namna gani?

Wandugu, wengi wananiuliza: kule Iten, Kenya, watu wanaruka na parapenti, sisi kwetu juu ya nini hapana? Mlima tuko nao: ziwa liko karibu mita 770, kule juu kunapita 3,000. Mchana jua linachoma mteremko, hewa ya moto inapanda, upepo wa ziwa unaisukuma. Njo inabeba kitambaa na mtu. Usiku inageuka, baridi inashuka. Sisi wa agronomia tunasoma majani: yakiinamia mlima, upepo unapanda.

Lakini mwenye kuruka hachague kila mara pa kushukia, na vita bado iko. Zamani nilipanda Mulenge kwa mguu, leo siwezi. Amani kwanza, kutembea, kisha kuruka.