Kulinganisha Kanda za Zuhura Swaleh

Miongoni mwa wapenzi wa tarabu kisiwani Mombasa, hasa katika mitaa ya Mji wa Kale kama Kibokoni, kuzipima rekodi za mwimbaji mmoja kunataka sikio pevu, kwa kuwa msikilizaji haridhiki na uzuri wa sauti, bali huuliza pia fumbo limefichwa katika ubeti gani na ala zimemwachia mwimbaji nafasi kiasi gani. Zuhura Swaleh, aliyevuma tangu miaka ya 1970, ni mfano bora wa jambo hili, kwani enzi yake imepitia santuri, kanda na CD.

Santuri ndogo ilibeba dakika tatu hadi nne tu kila upande, hivyo wimbo mrefu ulikatwa katikati ukamaliziwa upande wa pili. Kanda ilipoingia, upande mmoja uliweza kubeba nusu saa nzima, na pamoja na kanda zilizouzwa na maduka kama Mbwana Radio Service zikaenea zile zilizorekodiwa harusini, ambamo vigelegele husikika na ubeti mmoja hurudiwa mara kadhaa, kwa sababu wanawake wangali wanainuka kumtunza mwimbaji, yaani kumpa fedha mbele ya watu, na kila anayetunza hujulisha kwamba ubeti huo umemgusa.

Albamu ya Jino la Pembe, iliyotolewa na kampuni ya GlobeStyle ya London, ina utulivu wa namna nyingine. Humo taishokoto husikika waziwazi: ni ala ya nyuzi iliyobuniwa Japani mwaka 1912, ambayo mkono wa kushoto hubonyeza vitufe mfano wa vile vya taipureta huku wa kulia ukizicharaza nyuzi, na mlio wake mkali hukimbizana na mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini.

Huko Ulaya, mashabiki wa Nightwish, bendi ya Ufini inayounganisha magitaa mazito ya muziki wa metali na okestra, huzigawa albamu zake kwa waimbaji wa kike waliopokezana, kuanzia Tarja Turunen aliyeondoka 2005, kisha Anette Olzon na baadaye Floor Jansen. Kwa Zuhura kipimo hicho hakifai, maana mwimbaji ni yule yule na kinachobadilika ni hadhira iliyo mbele yake.

Kwa anayeanza kusikiliza, Jino la Pembe itangulie, kwa kuwa kila ala inatambulika. Lakini kwa anayetafuta tarabu yenyewe, pamoja na majibizano ya mwimbaji na watu wake, kanda ya harusi inaishinda, hata kama sauti yake inakwaruza. Unyevu wa pwani huziotesha kanda ukungu, kwa hiyo aliye nayo kabatini na aipeleke ikanakiliwe kwenye kompyuta ingali inasikika.