Taimingi ya kemshafti

Taimingi ya kemshafti ni mpangilio unaofanya valvu za injini zifunguke na kufungwa kwa wakati unaolingana na mwendo wa pistoni. Fundi huupanga upya kila injini inapofunguliwa na kuundwa tena. Ukikosewa, injini hupoteza nguvu. Ukikosewa sana, pistoni hugonga valvu na kuzipinda.

Jinsi inavyofanya kazi

Katika injini ya mipigo minne, krenkishafti huzunguka mara mbili wakati kemshafti inazunguka mara moja. Shafti hizo huunganishwa kwa mnyororo, mkanda au gia. Nundu za kemshafti husukuma valvu, ama moja kwa moja au kupitia roka, nazo springi huzirudisha.

Mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi, valvu ya moshi huwa haijafunga kabisa, na valvu ya kuingiza hewa imeshaanza kufunguka. Kipindi hicho huitwa mwingiliano wa valvu. Pistoni nayo iko karibu na kilele chake, hivyo nafasi kati yake na valvu ni ndogo sana.

Alama na vipimo

Katika injini nyingi fundi hulinganisha alama za kiwandani. Ndivyo ilivyo kwa Toyota 1HZ, injini ya dizeli yenye mkanda wa taimingi inayotumika katika Land Cruiser nyingi za utalii jijini Arusha.

Porsche 911 yenye injini inayopozwa kwa hewa ni tofauti. Gari hilo la michezo linajulikana Afrika Mashariki kutokana na mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Björn Waldegård alimaliza wa pili akiendesha 911 mwaka 1974, na Vic Preston Jr akashika nafasi hiyo kwa gari la aina hiyo mwaka 1978. Magari ya 911 hushiriki pia katika East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani ambayo baadhi ya matoleo yake yalipita Arusha.

Injini ya 911 ina silinda sita zilizolala, tatu kila upande, na kila upande una kemshafti na mnyororo wake. Alama hutumika kwa kuanzia tu. Taimingi kamili hupatikana kwa kupima valvu imefunguka kiasi gani wakati wa mwingiliano. Kipimo ni milimita 1.1 hadi 1.4 kwa Carrera 3.2, lakini ni milimita 5.0 hadi 5.4 kwa Carrera RS 2.7. Kwa hiyo fundi lazima ajue kwanza ni kemshafti ya aina gani iliyofungwa.

Hatua za kupanga

1. Krenkishafti huwekwa kwenye alama ya Z1 ya puli, na alama za kemshafti zote mbili zikielekea juu.
2. Tapeti ya valvu ya kuingiza hewa ya silinda ya 1 huwekwa milimita 0.10, na mnyororo hukazwa usilegee.
3. Geji ya mshale huegeshwa juu ya kishikizo cha springi ya valvu hiyo, kisha huwekwa sifuri.
4. Krenkishafti huzungushwa taratibu kufuata mwendo wa saa, mzunguko mmoja kamili hadi Z1, na geji husomwa.
5. Kipimo kisipofaa, nati ya kemshafti hufunguliwa na pini hutolewa. Kemshafti huzungushwa hadi kipimo sahihi, kisha pini hurudishwa kwenye tundu lililolingana.
6. Nati hukazwa, krenkishafti huzungushwa mara mbili, na kipimo hurudiwa.
7. Upande wa pili hupangwa kwa kutumia silinda ya 4.

Injini ikikwama wakati wa kuzungushwa kwa mkono, hailazimishwi, kwani huenda pistoni imegusa valvu.

Athari ya mwinuko

Jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru, liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapo ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Injini isiyo na tabo hupata hewa kidogo, hivyo hupungua nguvu hata taimingi ikiwa sahihi. Kubadilisha taimingi kwa sababu hiyo ni kosa, kwa kuwa kipimo cha kiwandani ni kilekile Arusha na Tanga.

Kipimo cha kompresheni husaidia kutofautisha hali hizo mbili. Mwinuko hupunguza kompresheni ya silinda zote sita kwa kiwango kinachokaribiana. Silinda tatu za upande mmoja zikitofautiana kwa pamoja na tatu za upande wa pili, taimingi ya kemshafti moja ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Silinda moja tu ikiwa chini, chanzo kwa kawaida ni valvu, ringi za pistoni au gasketi ya silinda hiyo.